Wenye Duka na Wenye Sauti

Ukimwuliza mzee yeyote wa Karatu maana ya neno jazz, hatakutajia New Orleans wala Louis Armstrong. Atakutajia Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz ya Tanga na NUTA Jazz. Kwetu jazz ni magitaa matatu, ngoma, tarumbeta ikipatikana, na watu waliotoka kazini wanaotaka kucheza. Mpenzi wa jazz wa Marekani akisikiliza hizo bendi zetu atatafuta jazz yake asiione. Atasikia rumba, atasikia cha-cha-cha, atasikia midundo ya Waluguru na Wazaramo iliyovishwa suti. Lakini jina limekaa pale pale, na lilikuwepo tangu zamani, maana Dar es Salaam Jazz Band ilikuwa ikipiga dansi tangu miaka ya 1930.

Jina hilo lilitufikiaje kabla ya muziki wenyewe? Lilitufikia limeandikwa kwenye karatasi ya duara katikati ya sahani ya santuri. Kwa hiyo anayetaka kuandika habari za jazz ya Tanzania hana budi kuandika kwanza habari za wenye duka. Wapo wasemao kwamba kampuni za santuri zilikuwa wanyonyaji tu, ziliwalipa waimbaji wetu vijisenti na kuondoka na utajiri. Wapo wasemao kwamba bila kampuni hizo tusingekuwa na sauti hata moja ya wazee wetu. Pande zote mbili zinasema kweli, na ndiyo sababu ugomvi wao hauishi. Mimi nimesikiliza santuri kwa zaidi ya miaka hamsini, na nadhani liko jambo la tatu ambalo pande zote mbili zimelipita.

Jambo lenyewe ni hili: wale waliorekodi muziki, wengi wao hawakuwa na haja na muziki.

Tuanze mbali ili tuone karibu. Huko Marekani, katika jimbo la Wisconsin, palikuwa na kiwanda cha kutengeneza viti. Kiwanda hicho kilipewa kazi ya kutengeneza makabati ya mashine za kuchezea santuri, kisha wakubwa wake wakaona afadhali watengeneze mashine zao wenyewe. Lakini nani atanunua mashine pasipo sahani za kuchezea? Basi wakaanzisha kampuni ya sahani, wakaiita Paramount. Mwaka 1922 wakaanza mfululizo wa sahani kwa ajili ya wanunuzi weusi, na kwa njia hiyo wakawarekodi Ma Rainey, Blind Lemon Jefferson na Charley Patton, watu ambao leo hutajwa kuwa nguzo za blues. Sahani zenyewe zilikuwa za hali ya chini, zenye kelele kama mafuta yanayokaanga. Biashara ilipodorora wakati wa dhiki kuu ya uchumi, mwaka 1932 wakaacha kurekodi wakarudi kwenye viti vyao. Mwaka 2013 sahani moja ya Tommy Johnson iliyotolewa na kampuni hiyo iliuzwa kwa zaidi ya dola 37,000. Fundi wa viti hakujua alichokuwa amekishika.

Sasa turudi kwetu. Mwezi Machi mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyewahi kuuza vyungu njiani, alipanda meli pamoja na wanamuziki wenzake kwenda Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya HMV. Sahani zao zikawa miongoni mwa sauti za kwanza za Kiswahili kuuzwa madukani. Shaaban Robert ameandika wasifu wa bibi huyo, na kila mtoto wa shule wa zama zangu alimjua. Lakini tulifundishwa safari hiyo kama habari ya heshima tu, kana kwamba kampuni ilimwita kwa kumhusudu. Kampuni ilimwita kwa sababu ilikuwa na mashine za kuuza, na mnunuzi wa Unguja, wa Mombasa na wa Dar es Salaam alitaka sahani ya lugha anayoielewa. Zilipouzwa vizuri, wengine wakaja mbio. Kufikia mwaka 1930 Odeon na Columbia nao walikuwa wanarekodi pwani yetu.

Hapa ndipo ninapoona ajabu. Kabla ya hapo taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu, na msikilizaji wa kawaida aliifurahia kama mtu anayenusa pilau ya jirani. Siti aliimba kwa Kiswahili cha Ng'ambo, na akaimba mambo ya Ng'ambo. Mfano ni ule wimbo wa Kijiti, mtu aliyeua mwanamke mgeni kisha akatorokea bara, huku mashahidi waliokwenda kusema kweli mahakamani wakifungwa wao. Hiyo si nyimbo ya kuburudisha wageni. Ni hukumu ya rufaa iliyotolewa na watu wasio na mahakama. Nani aliyeisambaza hukumu hiyo? Kampuni ya Kiingereza, katika visiwa vilivyotawaliwa na Waingereza. Sidhani kama wakubwa wa kampuni walikuwa na habari ya maneno yaliyomo. Waliona hesabu ya mauzo, na hesabu haina masikio. Kwa kuwa mwenye duka hakusikiliza, mwimbaji alipata nafasi ya kusema.

Lakini mwenye duka alikuwa na mkasi. Sahani ya zamani ilibeba kama dakika tatu kila upande. Taarabu ya barazani hushika usiku kucha, shairi hurudiwa, fidla hujibizana na udi, msikilizaji hutoa tunzo na mwimbaji huanza upya ubeti ule ule kwa ajili yake. Yote hayo hayaingii katika dakika tatu. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, au beti zikaachwa. Sisi tuliozaliwa baadaye tumezoea kudhani kwamba wimbo ni kitu cha dakika tatu, kama vile anayekunywa maji ya chupa hudhani kwamba maji yana umbo la chupa.

Kisha kulikuwa na zile sahani za GV, ambazo HMV ilianza kuzitoa mwaka 1933 kwa ajili ya masoko ya Afrika. Zilikuwa nyimbo za Cuba zilizokwisha kurekodiwa. Kampuni ilibandika namba mpya tu na kuziuza tena kwetu. Kwa mhasibu ilikuwa faida isiyo na jasho. Lakini huko Morogoro kijana mmoja, Salum Abdallah, alizisikiliza mpaka zikamwingia damuni, na mwaka 1948 akaanzisha bendi ambayo baadaye tuliijua kwa jina la Cuban Marimba. Cuba hakufika. Kihispania hakukijua. Alichukua mwendo wa rumba akaupa maneno ya Kiswahili yaliyonyooka, ya mapenzi na ya siasa, na alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965 alikuwa ameacha nyimbo ambazo hazijachakaa. Mara nyingi nasikia watu wakisema kwamba Salum aliiga. Kuiga ni kurudia usichokielewa. Yeye aliisikia rumba ikiwa na ngoma ya Kiafrika ndani yake, akamrudisha mtoto kwao.

Nyingi ya nyimbo zake, na za bendi nyingine za Tanganyika, zilitolewa kwa chapa ya Mzuri, mali ya duka la Assanand la Mombasa, ambalo lilitoa pia taarabu za Mombasa. Huko Nairobi kulikuwa na Jambo, kisha Equator, na viwanda vya kutengenezea sahani. Tanganyika tulikuwa na bendi, watunzi na wachezaji, lakini sahani zetu zilitengenezwa kwa jirani. Baada ya Uhuru, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi bendi, na haki itendeke: bila ile studio moja, sehemu kubwa ya muziki wetu wa dansi ingepotea hewani. Serikali na vyama vya wafanyakazi walimiliki bendi, wakawapa wanamuziki mishahara na ala. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 kwa mtindo huo. Lakini mtu aliyetaka kuushika wimbo mkononi, kuununua na kwenda nao nyumbani, bado alitegemea sahani kutoka Kenya. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, tulijua kwa uchungu maana ya kuweka ghala kwa jirani. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983. Katikati hapo, mwezi Januari 1979, Mbaraka Mwinshehe alikufa kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, mbali na Morogoro yake.

Huku kwetu juu, sahani zilifika kwa njia ya vumbi. Marehemu kaka yangu alikuwa utingo wa lori lililopanda kutoka Arusha kupitia Mto wa Mbu kuja kuchukua kahawa ya Oldeani na vitunguu vya Mang'ola. Mshahara wake ulikwisha madukani Arusha. Alikuwa na mashine ya betri, na jioni ya Jumamosi vijana wa Rhotia walitembea maili kadhaa kuja kusikiliza. Karatu, ndugu msomaji, ni mahali pa lugha nyingi zisizo na udugu wa karibu. Mwiraqw, Mdatoga, Mmaasai na Mhadzabe hawaelewani hata neno moja bila mkalimani. Kiswahili tulikisikia shuleni kama lugha ya amri na mitihani, na ofisini kama lugha ya kodi. Kwa sahani za Morogoro tulikisikia kwa mara ya kwanza kikibembeleza, kikilalamika, kikitania. Nilijua kumwambia msichana kwamba nimekonda kwa ajili yake kabla sijajua kuandika barua ya kuomba kazi. Kama kuna mtu anataka kujua Kiswahili kilipataje kuwa lugha ya moyo huku bara, asitafute katika sera peke yake.

Lakini faida hiyo ilikuja na hasara, na hasara hiyo naijua kwa jina. Mama yangu alikuwa mwimbaji. Harusini na kwenye mikutano ya wanawake walimwita yeye aanzishe. Katika sanduku la kaka yangu mlikuwa na sahani za Kiswahili, Kilingala na hata za Kiingereza, lakini sijaona hata siku moja sahani ya dukani yenye Kiiraqw. Mwenye duka hakutuchukia. Alipiga hesabu akaona sisi ni wachache, tuko mbali na hatuna fedha. Mtafiti Hugh Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake akirekodi ngoma za makabila mengi, lakini yeye alikuwa mtu mmoja. Mama alikufa mwaka 1981, na sauti yake imo katika vichwa vya watu wanne walio hai, mmojawapo mimi.

Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaowalaani wenye duka tu. Aliyenyonywa na kampuni angalau anasikika. Lakini siwezi pia kuwashukuru, kwa maana kuhifadhi halikuwa lengo lao. Walihifadhi kama mto unavyohifadhi magogo, kwa kuyatupa ukingoni.

Nilisema nimesikiliza, na mhakiki asemaye amesikiliza lazima aoneshe alichosikia. Chukua sahani ndogo za miaka ya 1970, za Mbaraka na Super Volcano kwa mfano. Wimbo mmoja mara nyingi uligawanywa sehemu mbili, ya kwanza upande mmoja na ya pili nyuma. Upande wa kwanza huwa wa maneno: shida, mapenzi, mausia. Sauti haikazani, inakusimulia kama mtu mliyekaa naye kwenye benchi. Kisha wimbo unafifia katikati, kwa sababu tu nafasi imekwisha. Unanyanyuka, unageuza sahani, unaweka sindano. Upande wa pili maneno ni machache na gitaa la solo linachukua usukani. Watu wengi niliowajua walichakaza upande wa pili, kwa kuwa ndio wa kucheza. Mimi naona thamani imo katika kule kugeuza. Ule ukimya wa sekunde kadhaa, ambao kampuni iliulazimisha kwa ufinyu wa sahani, ulimfanya msikilizaji akae na ile habari aliyoambiwa kabla ya kuichezea. Leo nyimbo hizo zimeunganishwa kwa mashine, hakuna pengo, na nadhani wimbo umepungua kidogo.

Miaka michache iliyopita mgeni mmoja kutoka Ulaya, akielekea kreta, alifika nyumbani kwangu na dereva wake. Alikuwa amesikia kwamba nina sanduku la sahani. Alizipitia moja moja kwa adabu, akishika kingo tu, akatenga kumi na moja. Dereva akanitafsiria: "Babu, mgeni anasema atakupa elfu hamsini kwa kila moja." Mwezi huo mjukuu wangu alikuwa amepata nafasi ya chuo na ada ilikuwa haijatimia. Nikamjibu kwamba anaweza kuchukua sauti, akazirekodi zote bure, sahani zibaki. Akatabasamu akasema sauti peke yake haina bei.

Sikukasirika. Kwa kweli nilimshukuru, kwa sababu alinionesha kwamba biashara ile haijabadilika. Wa kwanza alitaka kuuza kabati, akaweka sauti ndani ili kabati liuzike. Wa mwisho anataka kununua sahani, na sauti iliyomo ni kama ushahidi tu kwamba sahani ni halisi. Katikati yao yupo mtu aliyeimba.

Sisi wa huku tunajua kidogo habari za kuhifadhi. Ngorongoro ilitengwa mwaka 1959 kwa ahadi kwamba wafugaji na wanyama wataishi pamoja, na mwaka 1979 ikawekwa katika orodha ya urithi wa dunia. Tangu mwaka 2022 tumeona majirani zetu wakifunga mizigo kwenda Msomera. Siingii katika mjadala huo hapa, maana una wenyewe. Nachukua swali lake tu: kitu kinapohifadhiwa, kinahifadhiwa kwa ajili ya nani, na je, waliokuwa wakiishi nacho bado wanakiona? Swali hilo linafaa kwa kreta na linafaa kwa sahani.

Kwa hiyo nilikaa usiku ule nikazichambua zile kumi na moja kwa kipimo changu. Ziko kampuni ndogo za nje ambazo zimezitoa upya nyimbo zetu za zamani kwa uangalifu. Original Music ya John Storm Roberts ilitoa mkusanyo wa The Tanzania Sound mwaka 1987, na Dizim ya Ujerumani ilimtoa upya Salum Abdallah. Watu hao waliutaka muziki wenyewe, nao wanastahili sifa yao. Nilizikuta sahani nne ambazo nyimbo zake tayari zimetolewa hivyo, mtu yeyote anaweza kuzisikia. Hizo nikamwuzia asubuhi, na laki mbili ikaenda chuoni. Saba zilizobaki, ambazo sijazisikia popote pengine, nikazikatalia. Akapandisha bei, nikakataa tena. Dereva aliniona mzee mkaidi.

Zile saba nilizipeleka kwa kijana mwenye duka la kutoa fotokopi hapa mjini. Akaziingiza kwenye kompyuta yake kwa waya alioutafuta siku mbili, na sasa zimo katika simu za watu wengi wa Karatu. Vijana wanaulizana huyu ni nani. Swali hilo ni gumu kujibu, kwa sababu kwenye ile karatasi ya duara jina la kampuni limechapwa kwa herufi kubwa, jina la bendi kwa herufi za kati, na jina la mtunzi, kama lipo, kwa herufi ambazo sasa nahitaji miwani miwili kuzisoma. Nimenunua daftari la kurasa mia. Nimepiga mistari minne: mtunzi, mwimbaji, bendi, na mwisho kampuni. Ukurasa wa kwanza nimeandika nyimbo tano za mama, maneno yote kwa Kiiraqw, kama ninavyozikumbuka. Mstari wa nne kwenye ukurasa huo nimeuacha wazi.